Mama Aliyemuasili Mtoto wa Tumbo Lake



Juma hili napenda tutafakari pamoja maisha ya mwigizaji mmoja wa filamu na televisheni wa Marekani, Mkatoliki mwenzetu, aliyeitwa Loretta Young. Huenda wengi wenu, hasa vijana, hamjapata kulisikia jina lake. Alifariki tarehe 12 Agosti 2000 akiwa na umri wa miaka 87, na filamu zake nyingi ni za zama za picha zisizo na rangi. Tena najua wapo watakaojiuliza: padre ana shughuli gani na watu wa sinema? Naomba mnivumilie hadi mwisho. Nimemchagua mama huyu kwa sababu katika maisha yake limo jambo ninalokutana nalo mara kwa mara katika utume wangu, jambo ambalo, kwa maoni yangu, sisi watu wa Kanisa bado hatujalitendea haki.

Loretta alizaliwa tarehe 6 Januari 1913 katika mji wa Salt Lake City, akapewa jina la Gretchen. Baba aliiacha familia watoto wangali wadogo, naye mama akawachukua wanawe hadi Los Angeles, akafungua nyumba ya kupangisha wageni ili apate kuwalisha. Huko, karibu na studio za filamu, mabinti zake walianza kuonekana katika picha bubu. Loretta alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1917, akiwa hajatimiza hata miaka mitano. Mwaka 1928, akiwa bado binti mdogo, aliigiza nafasi kubwa kando ya Lon Chaney katika filamu ya Laugh, Clown, Laugh. Akiwa na miaka 17 alitoroka nyumbani akafunga ndoa na mwigizaji mwenzake, na mwaka uliofuata ndoa hiyo ikabatilishwa. Kwa hiyo tusimfikirie kama sanamu ya mtakatifu kanisani. Alikuwa binti aliyeingia kazini kabla ya kujua kusoma, akakua mbele ya macho ya watu.

Sifa alizipata tele. Mwaka 1948 alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya The Farmer's Daughter. Mwaka 1949 akaigiza nafasi ya mtawa katika Come to the Stable, filamu iliyotokana na habari za masista Wabenediktini walioanzisha monasteri huko Bethlehem, katika jimbo la Connecticut. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1961 alikuwa na kipindi chake mwenyewe cha televisheni, kilichompatia tuzo tatu za Emmy. Mamilioni ya Wamarekani walimjua kwa namna alivyokuwa akiingia: mlango unafunguliwa, anatokea na gauni refu linalozunguka kama ua, anatabasamu. Mwisho wa kipindi husoma maneno mafupi ya hekima, na mara nyingi yalikuwa ya Maandiko Matakatifu. Mahali pa kupigia picha aliweka kisanduku cha faini, na kila aliyetoa matusi alitumbukiza sarafu. Fedha hizo zilipelekwa katika nyumba ya Kikatoliki iliyowatunza wasichana waliopata mimba nje ya ndoa.

Naomba mlikumbuke hilo la mwisho, kwa kuwa watu waliocheka kuhusu kisanduku kile hawakujua kwa nini fedha zake zilikwenda huko.

Mwanzoni mwa mwaka 1935, Loretta akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda kwenye theluji ya Mlima Baker, katika jimbo la Washington, kupiga picha ya The Call of the Wild. Mwenzake katika filamu hiyo alikuwa Clark Gable, mwanamume aliyependwa kuliko wengi katika Hollywood ya siku zile, mwenye miaka 34, na mwenye mke. Loretta alirudi mjini akiwa mjamzito.

Ndugu zangu, mikataba ya studio za wakati ule ilikuwa na kipengele cha maadili. Mwigizaji aliyeleta kashfa aliweza kufukuzwa, na jina lake likafa. Kwa wasichana waliojikuta katika hali kama ile, studio zilijua njia ya kimyakimya: daktari, siku chache za mapumziko, kisha kazi inaendelea. Loretta aliikataa njia hiyo. Kwa imani yake, kuitoa mimba ilikuwa dhambi ya mauti, naye hakukubali. Alijificha. Alisafiri Ulaya pamoja na mama yake, akarudi, ikatangazwa kwamba anaumwa. Tarehe 6 Novemba 1935 alijifungua mtoto wa kike katika nyumba ya faragha huko Venice, California. Akamwita Judith, kwa heshima ya Mtakatifu Yuda Tadei, msimamizi wa mambo yaliyoshindikana.

Hadi hapa wengi wetu tutampongeza. Tungeweza hata kuisimulia habari yake katika semina za utetezi wa uhai. Lakini habari haiishii katika uzazi; mtoto akizaliwa, lazima aishi mahali fulani na aitwe mwana wa fulani. Judy alipelekwa katika nyumba ya watoto yatima. Mwaka 1937, akiwa amevuka umri wa mwaka mmoja na nusu, magazeti yaliandika habari njema: Loretta Young, nyota wa filamu, ameasili mtoto. Watu walimsifu kwa moyo wake wa huruma. Mama alikuwa amemuasili mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe.

Uongo huo ulidai kulishwa kila siku. Mtoto alikuwa na masikio ya baba yake, makubwa na yaliyochomoza, ambayo kila mtazamaji wa sinema aliyafahamu. Akavishwa kofia za kuyafunika. Alipofika umri wa miaka saba akafanyiwa upasuaji wa kuyarudisha nyuma. Baadaye, mama alipoolewa na Tom Lewis mwaka 1940, Judy alipewa jina la Lewis. Siku moja, akiwa na umri wa miaka 15, alifika nyumbani akamkuta Clark Gable sebuleni. Bwana yule akazungumza naye kwa upole, akamuuliza habari za maisha yake, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka. Binti hakujua kwamba ameonana na baba yake. Gable alifariki mwaka 1960 bila kumwambia neno.

Mji mzima ulikuwa ukijua, isipokuwa mtoto. Mwaka 1958, Judy alipokaribia kufunga ndoa, alimwambia mchumba wake kwamba anasita kuolewa kwa kuwa hajui yeye ni nani. Ndipo mchumba wake akamweleza baba yake ni nani, akashangaa kwamba mwenyewe hakuwa na habari. Ilipita miaka mingine minane kabla ya binti kupata ujasiri wa kumuuliza mama yake uso kwa uso. Mama alikiri, kwa uchungu mkubwa, lakini ndani ya chumba tu. Mwaka 1994 Judy aliyaandika hayo yote katika kitabu. Mama alikasirika, na kwa miaka kadhaa hawakuzungumza. Kukiri hadharani kulitoka katika wasifu aliouidhinisha Loretta mwenyewe, uliochapishwa mwaka 2000 akiwa tayari kaburini. Inaelezwa kwamba aliwahi kumwita bintiye dhambi ya mauti inayotembea kwa miguu.

Wapendwa, nimeyatafakari maneno hayo kwa muda mrefu. Mama aliyeona kwamba uhai wa mtoto ni mtakatifu hata akauweka rehani umaarufu wake, huyohuyo akaja kumtazama mtoto akaona dhambi. Ni nani aliyemfundisha hivyo? Napenda kusema mambo matatu.

Kwanza, hofu ile haikujengwa na studio peke yake. Sisi tulikuwa na mkono wetu. Kanuni za maadili za filamu za Hollywood za mwaka 1930 ziliandikwa kwa msaada wa padre Mjesuiti, Daniel Lord. Mwaka 1934, mwaka mmoja tu kabla ya kuzaliwa Judy, waumini wa Marekani walikuwa wakila viapo makanisani kuzisusia filamu zisizo na adabu, na kanuni zile zikaanza kusimamiwa kwa ukali. Siwalaumu kwa kutaka sinema safi. Hata leo ningependa tuwe waangalifu zaidi na yale wanayotazama watoto wetu. Lakini kudai usafi wa picha ni jambo moja, na kuutunza moyo wa mtu ni jambo lingine. Isitoshe, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyokuwa ikitumika wakati ule, ilimhesabu mtoto wa kiume aliyezaliwa nje ya ndoa kuwa na kasoro iliyomzuia kupokea daraja takatifu, hadi apewe ruhusa maalumu. Sheria mpya ya mwaka 1983 imekiondoa kizuizi hicho. Kanisa lenyewe lilitambua kwamba mtoto asibebeshwe mzigo wa namna alivyoingia duniani. Wazee wetu walikwisha kulisema hilo kwa kifupi: kitanda hakizai haramu.

Pili, siri ya namna hii hailindi. Inahamisha maumivu kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Loretta bila shaka aliamini kwamba anamlinda bintiye. Lakini mtoto anaonja uongo hata kabla ya kuufahamu. Anaona watu wazima wanavyonyamaza akiingia. Anahisi kwamba ndani yake kuna kitu kisichopaswa kuonekana, ingawa hajui ni nini. Judy alipokuwa mtu mzima aliacha kazi za uigizaji na utayarishaji wa vipindi vya televisheni, akasomea saikolojia, akawa mshauri wa familia na wa watoto waliolelewa mbali na wazazi wao. Alifariki mwaka 2011. Naamini kwamba aliutumia utu uzima wake kuwafanyia wengine kile ambacho hakuna aliyemfanyia yeye.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nami nalisema kwa uangalifu. Mwaka 2015 mke wa mmoja wa wana wa Loretta alisimulia hadharani jambo alilosema kuwa alilisikia kutoka kwa bibi huyo katika uzee wake. Loretta, akiwa na miaka zaidi ya themanini, alisikia katika televisheni watu wakizungumzia mwanamke kubakwa na mwanamume anayemfahamu. Akauliza maana yake. Alipoelezwa, akasema kwamba hilo ndilo lililotokea kati yake na Clark. Gable hakuwapo kujibu, na sisi si mahakama. Lakini kama ndivyo ilivyokuwa, basi tafakarini: kwa zaidi ya miaka sitini mwanamke huyu alibeba kama dhambi yake kitu ambacho kilikuwa dhambi ya mtu mwingine. Hakuwa na neno la kukiita. Alifundishwa kwamba mwanamke mwenye adabu huweza kumzuia mwanamume, na kwamba asipoweza, kosa ni lake. Alijua sana kutubu. Hakuna aliyemwambia kwamba huenda hakuwa na la kutubu.

Sasa nirudi nyumbani, kwa kuwa sikuandika haya ili tuwahukumu Wamarekani wa mwaka 1935.

Katika miaka yangu ya upadre nimekutana na watoto wanaomwita bibi yao mama, na mama yao dada. Sisemi habari za kitubioni, hizo zinabaki huko. Nasema yale ambayo jumuiya nzima inayajua na kuyanong'ona. Binti anapata mimba, familia inamhamishia kwa shangazi mji mwingine, anarudi mwembamba, na miezi michache baadaye bibi anaonekana na mtoto mgongoni. Sote tunafahamu. Sote tunanyamaza. Mtoto anakua, anaimba katika kwaya ya utoto mtakatifu, anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na kila mtu katika mabenchi yale anajua habari yake isipokuwa yeye. Siku moja atazisikia kutoka kwa mtoto mwenzake katika ugomvi wa uwanjani. Je, ndivyo tunavyotaka azisikie?

Najua litakaloulizwa: je, padre anahalalisha uzinzi? La, hasha. Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa na usafi wa moyo hayajabadilika, nami nitaendelea kuyahubiri. Lakini tazameni hukumu yetu inamwangukia nani. Binti anasimamishwa kwaya. Jina lake linafutwa kwenye chama cha vijana. Mvulana, au mwanamume mzima mwenye mke, anaendelea kukusanya sadaka Dominika inayofuata. Yule mwanamke wa Injili ya Yohane aliletwa mbele ya Bwana peke yake, kana kwamba alizini peke yake. Tangu siku ile hatujabadilika sana. Gable aliendelea kuitwa mfalme wa Hollywood.

Tena kuna jambo la haki ya kawaida. Sisi ndio tunaomwambia binti, kwa sauti kubwa na kwa sababu njema, asiitoe mimba. Akitusikiliza, akakubali kubeba aibu yote ili mtoto aishi, tunamwadhibu kwa ajili ya ushahidi uleule wa utii wake. Aliyeitoa kwa siri anakaa benchi la mbele. Aliyemzaa mtoto anakaa mlangoni. Tukiendelea hivi, tusishangae mabinti wakijifunza kutoka kwa matendo yetu kinyume cha yale tunayohubiri. Anayesema "usiitoe" ana wajibu wa kusema pia "karibu, wewe na mtoto wako", na kuyasema hayo mbele ya watu.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache. Wazazi, binti akija na habari hiyo, kabla ya kuuliza majirani watasema nini, muulizeni kwanza kama alilazimishwa. Muulizeni kwa upole, na mumwamini. Kama jibu ni ndiyo, kinachohitajika ni hospitali na polisi. Msimpeleke kwa shangazi wa mbali ili mambo yaishe. Na kama jibu ni hapana, bado ni mwanenu. Walimu na walezi, kumbukeni kwamba tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za umma. Basi tusiwe sisi Wakristo wa kuwafungia mlango ambao serikali imeufungua. Akina mama wa WAWATA, mnajua kutembelea wazazi wapya kwa uji na khanga. Mtembeleeni na huyu.

Kuhusu ubatizo, nasema wazi ili katekista yeyote asimrudishe mtu nyumbani. Mtoto hazuiwi kubatizwa kwa kuwa wazazi wake hawakufunga ndoa. Sheria ya Kanisa inataka ridhaa ya mzazi mmoja walau, na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Kanuni ya 877 inaelekeza jinsi jina la mama asiye na mume linavyoandikwa katika kitabu cha ubatizo. Linaandikwa. Mwaka 2012, Kardinali Bergoglio wa Buenos Aires, aliyekuja kuwa Papa Fransisko, aliwakemea vikali mapadre waliowakatalia ubatizo watoto wa akina mama wasioolewa. Binti akija kwangu na mtoto, nitaliandika jina lake kwa wino mweusi kama ninavyoandika la mama mwingine yeyote.

Na kwa wale ambao tayari wanaishi na siri ya namna hii: sisemi mtangaze mitaani. Kuna tofauti kati ya staha na uongo. Majirani hawana haki ya kujua kila kitu. Mtoto ana haki ya kujua ametoka wapi. Mwambieni mapema, kwa maneno yanayolingana na umri wake, na maneno ya kwanza yawe kwamba alitakiwa na anapendwa. Msingoje hadi siku ya posa. Anayehitaji kusindikizwa katika hilo aje ofisini, au amwone sista anayemwamini. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza kwamba aliyezaa kisha akaficha, huendelea kuwa na utungu miaka yote.

Loretta, nasadiki, alifanya alivyoweza kwa mwanga aliokuwa nao. Aliyakataa mauti pale ambapo wengi waliyakubali, na kila sarafu ya kisanduku kile ilikuwa sala isiyo na maneno kwa ajili ya wasichana waliofanana naye. Alichokosa ni jumuiya moja ya waamini ambamo angeweza kusimama na mtoto mkononi na kusema kwa sauti: huyu ni wangu. Mathayo alipouandika ukoo wa Bwana wetu hakuona haya kuwataja Tamari, Rahabu na yule aliyekuwa mke wa Uria. Ukoo wa Mwokozi una majina ambayo familia nyingi zingeyaruka.

Tuwaombee Loretta na Judy wapumzike kwa amani, mama na mwana, mahali ambapo hakuna tena cha kuficha. Tumwombee pia Clark. Na tuwaombee mabinti wa parokia yetu ambao usiku wa leo wamelala macho wakihesabu miezi, wasijue waanzie kwa nani kusema. Mungu atujalie tuwe watu wa kuambiwa.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.

Ndimi paroko wenu katika Kristo.